Barua kwa Mhariri: Nyanya za urithi zisisifiwe kwa sifa zisizo zake

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wenu wa barua niseme machache kuhusu makala mliyochapisha hivi karibuni juu ya zile nyanya zinazoitwa za asili, ambayo iliwahimiza wasomaji waachane na mbegu chotara na kupanda mbegu za zamani katika bustani zao za nyumbani, kwa maelezo kwamba mbegu hizo haziugui, hazihitaji matunzo makubwa, na kwamba utamu wake unatokana na kutoguswa na kemikali. Mimi nimepanda nyanya za aina hiyo kwa misimu kumi na mmoja sasa na sina nia ya kuziacha. Ndiyo sababu makala ile ilinikera, kwa kuwa nimeshawaona watu kadhaa walioanza kwa kuahidiwa mambo ya namna hiyo wakaziacha kabisa msimu wa kwanza ulipowaendea vibaya, ilhali kama wangeambiwa ukweli mapema wangekuwa wanazipanda mpaka leo.

Nianze na jina lenyewe, maana nadhani nusu ya mkanganyiko imo humo. Tunaposema nyanya ya asili, msikilizaji huona mmea uliotoka porini ukiwa hivyo ulivyo, usioguswa na mkono wa mtu. Nyanya ya porini, ile inayoota upande wa magharibi wa Amerika ya Kusini, ina tunda dogo la kiasi cha punje ya njegere. Tunda kubwa lenye nyama tunalolijua ni kazi ya wakulima waliochagua mbegu kizazi baada ya kizazi, hasa katika nchi ambayo leo ni Meksiko, na jina ambalo mataifa mengi ya Ulaya hulitumia kwa tunda hili lilitokana na neno tomatl la lugha ya Kinahuatl ya wenyeji wa Meksiko, baada ya Wahispania kulivusha bahari katika karne ya 16. Kwa hiyo, kama ni uasili wa porini tunaoutafuta, hakuna bustani ya nyumbani iliyo nao. Napendelea kuziita nyanya za urithi: aina ambazo mbegu yake, ikipandwa, huzaa mmea unaofanana na mzazi wake, na ambazo zimepokezanwa kwa mkono kutoka mtu hadi mtu kwa muda mrefu. Wengine hudai muda huo usipungue miaka 50, wengine huhesabu zile tu zilizokuwapo kabla mbegu chotara hazijaenea baada ya Vita Kuu ya Pili, na mpaka sasa hawajaafikiana. Lugha yetu, kwa utani wake, imelipa tunda hili jina lilelile ambalo wengi wetu humwitia bibi, na sijapata kuona utani uliokaa mahali pake kuliko huo.

Tena baadhi ya nyanya hizi za urithi zilianza kwa kuchanganywa makusudi. Iko aina maarufu ya Marekani iitwayo Mortgage Lifter, ambayo ilitengenezwa na fundi wa rejeta za magari wa West Virginia aliyejulikana kama Radiator Charlie, jina lake halisi M. C. Byles. Bwana huyu, ambaye hakusomea kilimo, alichukua nyanya kubwa alizoweza kuzipata, akazichavusha moja kwa nyingine, akaendelea kuchagua kwa misimu kadhaa hadi mbegu zikatulia, kisha akauza miche kwa dola moja mmoja na kulipa deni la nyumba yake, na ndipo nyanya ikapata jina lake. Namtaja kwa sababu makala yenu iliweka mbegu chotara upande wa uovu na mbegu za zamani upande wa wema, kana kwamba kuchanganya ni dhambi. Tofauti iko kwenye kutulia. Chotara wa kizazi cha kwanza ni mtoto wa wazazi wawili walio mbalimbali, na mbegu ukizitoa kwenye tunda lake na kuzipanda, watoto hutawanyika, huyu akimfuata babu na yule akimfuata bibi. Nyanya ya urithi imekwisha kupita hatua hiyo, na mwenye kuipanda anaweza kuwa na mbegu zake mwenyewe mwaka hadi mwaka.

Sasa nije kwenye ugonjwa, ambako makala ilikosea zaidi. Wasomaji waliowahi kununua mbegu chotara huenda wameona kwenye pakiti herufi kama V, F na N zikifuata jina la aina. Herufi hizo zinasema mmea una kinga dhidi ya minyauko miwili inayoletwa na kuvu wa ardhini, vertisili na fusari, na dhidi ya minyoo fundo inayoshambulia mizizi, na kinga nyingi za namna hiyo zililetwa ndani ya nyanya ya bustani na watafiti waliozichukua kutoka kwa ndugu zake wa porini katika karne ya 20. Aina iliyokuwapo kabla ya kazi hiyo na haikuchanganywa tena haiwezi kuwa na kinga ambayo haikupewa. Nyanya ya urithi iliyozoea mahali fulani kwa miaka mingi huenda ikavumilia hali ya hewa ya hapo kuliko mgeni, na hilo nalikubali, lakini kati ya kuvumilia hali ya hewa na kutougua pana umbali mkubwa.

Nalisema hili nikikumbuka msimu wangu wa tatu. Nilikuwa na miche kumi na minne kwenye kitanda kimoja, kitanda kilekile nilichokitumia miaka miwili iliyotangulia kwa kuwa ndicho kilichopata jua zaidi. Ilistawi vizuri hadi matunda ya kwanza yalipofikia ukubwa wa limau, kisha mmoja ukaanza kuwa na majani ya njano upande mmoja tu wa shina, upande wa pili ukiwa kijani kibichi kama hakuna kinachotendeka. Mchana unalegea, jioni unainuka, na mimi nikadhani ni kiu, nikauongezea maji. Ulipokufa niling'oa shina na kulipasua kwa kisu kuanzia chini, nikakuta ndani ya ganda, pale inapopita mishipa ya maji, mstari wa hudhurungi unaopanda kama uzi uliochovywa kwenye chai. Huo ndio mnyauko wa fusari. Tisa kati ya ile kumi na minne iliondoka kwa njia hiyohiyo. Kuvu huyo hukaa ardhini miaka mingi, na hakuna dawa ya kupuliza itakayomfikia ndani ya shina. Kubadilisha vitanda, na kutopanda nyanya mahali palipotoka viazi mviringo, biringanya au pilipili, ambazo ni jamaa zake, hupunguza tatizo ingawa hakuliondoi. Katika kitanda kile sijapanda tena nyanya ya urithi moja kwa moja. Aina ninazozipenda zaidi huziweka kwenye vyombo vikubwa vya lita 20 au zaidi, vyenye udongo mpya na mboji, na kwa mwenye subira ipo njia ya kubebesha, yaani kuunganisha ncha ya mche wa aina ya urithi juu ya shina la chotara lenye kinga. Bakajani chelewa, ugonjwa mwingine wa nyanya, nayo ina tabia zake: huja na upepo wakati wa ubaridi na unyevunyevu, na inaweza kumaliza kitanda kwa siku chache. Kinachosaidia ni kuweka nafasi ya sentimita 60 hadi 90 kati ya mche na mche ili hewa ipite, kumwagilia chini badala ya juu ya majani, kutandaza matandazo ili matone ya mvua yasirushie majani udongo, na kuondoa majani ya chini yanayogusa ardhi. Haya yote ni matunzo, na makala ilisema matunzo makubwa hayahitajiki.

Kuhusu utamu, mwandishi wenu aliona kitu cha kweli akakipa sababu isiyo yake. Dawa inayopuliziwa juu ya jani ina athari nyingi za kuzungumzwa, ila siyo inayoifanya nyanya ya dukani iwe kama maji. Kwa miongo mingi wazalishaji wa mbegu walichagua mimea ambayo tunda lake bichi lina rangi ya kijani hafifu inayolingana pande zote, ili liive kwa usawa na mvunaji ajue kwa kutazama mara moja ni lipi la kuchuma. Nyanya nyingi za zamani hazina tabia hiyo: zikiwa bado changa huwa na mabega ya kijani kizito karibu na kikonyo, na mabega hayo mara nyingine hubaki magumu hata zikiiva, jambo ambalo mnunuzi asiyezoea huliona ni kasoro. Mwaka 2012 watafiti walionyesha kwamba badiliko lililoleta ule usawa wa rangi limeharibu jeni linalojenga klorofili nyingi, yaani ule ukijani wa mimea, ndani ya tunda lenyewe, na kwa sababu tunda hilo changa hujitengenezea sehemu ya sukari yake kama jani linavyofanya, kupotea kwa ukijani kulipunguza sukari. Kwa maneno mengine, tuliondoa mabega tukaondoa na utamu bila kujua. Kwenye aina ninazopanda nina moja yenye mabega ya kijani kizito sana mpaka siku mbili kabla ya kuchumwa, na ukiikata unaona nyama imepambwa kwa michirizi ya zambarau na waridi hadi katikati. Hiyo haijawahi kunifikia mezani nzima, maana huliwa palepale bustanini, ikiwa bado ina joto la jua.

Hata hivyo haki itendeke kwa pande zote. Sehemu kubwa ya tofauti tunayoionja inatokana na kuchumwa mapema na kuhifadhiwa kwenye ubaridi, kwani nyanya iliyowekwa kwenye jokofu hupoteza sehemu ya harufu zake, na harufu ndiyo inayobeba sehemu kubwa ya kile tunachokiita ladha. Chotara iliyoivia juu ya mmea wako itaishinda nyanya ya urithi iliyochumwa kijani na kusafirishwa siku nne. Na zipo nyanya za urithi zisizo na ladha ya kusifiwa hata kidogo. Nyingine zilitunzwa kwa sababu ya rangi, nyingine kwa sababu hukauka vizuri au hutoa rojo zito, na asiyejua hilo hupanda nyanya ya kupikia akailaumu kwa kuwa haifai kuliwa mbichi.

Kinachonifanya niamini kwamba bustani ya nyumbani ndiyo mahali pake hasa ni kwamba kasoro za nyanya hizi ni kasoro za safari. Ganda jembamba haliwezi kuvumilia kreti na lori, lakini kutoka kitandani hadi jikoni kwangu ni hatua chache. Haziivi kwa pamoja, jambo linalomtesa mwenye ekari kumi na kumfurahisha mwenye miche sita. Nyingi ni za kutambaa zisizokoma kurefuka, zinapita mita mbili, zinahitaji miti imara ya kuegemea au kamba kutoka juu, na machipukizi yanayojitokeza kwenye kwapa la jani yanatakiwa kunyofolewa kila wiki yangali laini. Mkulima wa shamba kubwa hana muda huo, wa nyumbani hufanya kazi hiyo akisubiri chai ichemke. Kupasuka kwa tunda, ambako ndiko malalamiko makubwa ninayoyasikia, hutokea mmea uliokaa na kiu unapopata maji mengi kwa ghafla, na kuoza kitako husababishwa na kalisi kutofika kwenye tunda, mara nyingi kwa sababu hiyohiyo ya maji yasiyo na mpangilio. Umwagiliaji wa mara kwa mara na matandazo mazito hupunguza yote mawili.

Nimefika sasa kwenye jambo lililonifanya nichukue kalamu. Makala iliwaelekeza wasomaji wakamulie mbegu kwenye karatasi na kuianika juani. Mbegu ya nyanya imezungukwa na ute unaozuia kuota, ndiyo maana hazichipui ndani ya tunda ingawa humo mna maji tele. Ute huo unatakiwa kuchachushwa. Ninachofanya ni kukata tunda lililoiva kupita kiwango cha kulila, kukamulia mbegu na ute wake kwenye bilauri, kuongeza maji kidogo, na kuiacha mahali penye kivuli kwa siku mbili au tatu nikiikoroga kila siku. Siku ya pili hunuka, na watu wa nyumbani mwangu wanayo maneno yao kuhusu harufu hiyo. Utando mweupe ukijitokeza juu na mbegu nzuri zikizama, kazi imekwisha: namwaga kilichoelea, ambacho humo mna mbegu zisizo na kitu ndani, nasuuza kwenye chujio hadi maji yawe safi, kisha natandaza mbegu kwenye sahani kivulini penye hewa na kuzigeuza kwa kidole ili zisigandamane. Kuchacha huko husaidia pia kupunguza baadhi ya vimelea vinavyosafiri juu ya ganda la mbegu. Zikizidi kuachwa majini zitaanza kuchipua, kwa hiyo siku ya nne si ya kungoja isipokuwa kuna baridi kali.

Makala haikusema lolote kuhusu kuchavushana, na hapo ndipo nilipoteleza mimi mwenyewe. Ua la nyanya lina sehemu ya kiume na ya kike pamoja, na kwa kawaida hujichavusha lenyewe, kwani stameni, zile sehemu za kiume, zimeungana zikawa kama bomba linalofunika stigma, ile ncha ya kike inayopokea chavua. Lakini katika baadhi ya aina za zamani stigma huchungulia nje ya bomba hilo, na nyuki wa mwituni wanaotikisa ua kwa mvumo huweza kuleta chavua ya jirani. Nilikuwa na aina ya urithi iitwayo Brandywine, ambayo majani yake ni mapana yasiyo na meno, kama ya kiazi mviringo, nimeipanda ubavuni mwa nyanya nyekundu ya kawaida. Nikatoa mbegu, nikaandika jina kwenye bahasha, nikampa dada yangu na jirani wawili. Mwaka uliofuata dada akaniuliza mbona miche mitatu kati ya minane ina majani yenye meno. Jani la kiazi ni tabia inayojificha mbele ya jani la kawaida, hivyo mche wenye meno uliotoka kwenye mbegu ya mama mwenye jani la kiazi ni ushahidi kwamba baba alitoka nje. Bahati yangu ni kwamba aina ile hujifichua yenyewe. Kama ingekuwa ya jani la kawaida ningeendelea kugawa mbegu chotara kwa jina lisilo lake bila yeyote kushtuka. Tangu hapo, kwenye mmea ninaotaka kutoa mbegu nafunika shada moja la maua kwa mfuko wa kitambaa chepesi kabla hayajafunguka, nalitikisa kila asubuhi, matunda yakishashika naondoa mfuko na kufunga uzi mwekundu kwenye kikonyo ili asitokee mtu wa kuyala.

Uangalifu huo una uzito wake kwa sababu nyanya hizi huishi ndani ya bahasha za watu. Nyanya iitwayo Cherokee Purple, ambayo leo hupandwa katika mabara mengi, ilimfikia mkulima wa bustani Craig LeHoullier mwaka 1990 kwa posta, mbegu zilizotumwa na mtu wa Tennessee, Marekani, aliyeeleza kwamba aina hiyo ilikuwa imetunzwa kwa vizazi. Ni LeHoullier aliyeipa jina na kuifikisha kwa wauza mbegu. Bahasha ile ingepotea njiani, au mtumaji angekuwa amechanganya mbegu zake kama nilivyofanya mimi, leo tusingekuwa tunaizungumzia.

Kwa hayo, Ndugu Mhariri, naomba ukurasa wenu wa bustani usahihishe mambo mawili tu: dai la kutougua, na maelekezo ya kukausha mbegu. Sitaki msomaji aliyepanda chotara ajione mkosaji. Nami hupanda michache kila msimu, kama akiba ya mwaka ambao bakajani itakuja. Msomaji aliyekwisha kukamulia mbegu zake kwenye karatasi asizitupe. Kama zilikauka haraka na hazikuungua na jua, akate karatasi vipande vyenye mbegu mojamoja, avifukie pamoja na karatasi yake kina kisichozidi sentimita moja, aweke kitalu mahali penye joto la nyuzi 21 hadi 29, na asubiri siku kumi kabla ya kukata tamaa. Zilizobaki azitie kwenye chupa kavu yenye kifuniko, mahali pa baridi na giza, ambako zinaweza kukaa miaka minne na zaidi, na aandike nje jina la aina, mwaka, na kama ua lilifunikwa au halikufunikwa.

Wako,
Mpandaji wa nyanya, bustani ya nyumbani